Boti imekalia matairi na tofali uani, chini yake nipakeje rangi?

Shikamoo fundi. Nasoma safu yako siku nyingi ila leo ndo nimeamua kuandika mana hapa nyumbani hali si shwari. Nina boti ya faiba futi 23, ile ya wazi ya kuvulia, inakwenda na mashine ya nguvu farasi 40, na naishi Mjimwema huku Kigamboni. Kusi imekaza, vijana wangu wakasema bahari kwa sasa hailipi, mafuta yanaliwa bure, nikaona basi nitumie nafasi hii kuipandisha niipake rangi upya kwa sababu chini imejaa magamba (vile viumbe vigumu vinavyoganda chombo kikikaa majini) na rangi ya zamani inabanduka yenyewe, juu nako imepauka mpaka namba ya usajili haisomeki vizuri.

Ufukweni sikutaka kuiacha, pale vitu vinapotea, leo kizibo kesho nanga. Nikakodi fuso tukaileta mpaka uani kwangu, tukaishusha kwa nguvu za watu. Shemeji yangu ndo alisimamia, anasema ashaona wenzake wanavyofanya. Mbele akaweka matairi mawili ya lori, nyuma akapanga tofali za nchi sita zilizobaki nilipojenga fensi, ubavuni akakita mirunda miwili kila upande, akasema kazi imekwisha. Uani kwetu ni mchanga mtupu, hakuna sakafu.

Mwanzoni ikakaa vizuri tu. Juzi ikapiga mvua ya usiku, asubuhi natoka nakuta boti imelalia kushoto, mrunda mmoja umezama mchangani na tofali moja ya nyuma imepasuka katikati. Afu nikapapasa pale mrunda ulipogusa, faiba imebonyea kwa ndani, ukubwa wa kiganja hivi. Ndani ya boti kulikuwa na maji, sijui yalikuwa kiasi gani mana nilichungulia tu sikupanda.

Sasa fundi rangi kashafika anataka aanze, nikamuuliza hapa ilipokalia tairi utapakaje, ananijibu ataruka hizo sehemu kwani hazionekani. Shemeji anasema faiba ni nyepesi haina neno, tuongeze tofali tu pale ilipoinama. Mama watoto amegoma kabisa, watoto hawaruhusiwi kutoka nje kuja uani na mimi nimeambiwa kama siku mbili zijazo sijafanya kitu anamwita mjumbe. Jirani naye anashauri tuipindue juu chini ndo tupake kwa raha.

Naomba unisaidie fundi. Niikalishe vipi hii boti isituangukie? Pale palipobonyea ndo pameshaharibika? Jeki ya gari inaweza kuinyanyua? Na hizo sehemu zilizokaliwa zinapakwaje?

Msomaji wako, Mjimwema.

JIBU

Marahaba mwanangu. Mama watoto yuko sawa, na mjumbe asingekuwa na cha kukusaidia zaidi ya kukwambia alichokwambia yeye, kwa hiyo watoto waendelee kukaa ndani mpaka umalize haya ya kwanza.

La kwanza kabisa ni maji. Boti yako ikishika maji ya kina cha sentimita 10 tu kwenye eneo la mita 4 kwa mita 1.2 hizo ni lita kama 480, na lita ya maji ni kilo moja, yani usiku mmoja umeipakia karibu nusu tani na wewe umelala. Ndo mana tofali imepasuka na mrunda umezama. Ila usikimbilie kuingia chini kufungua kizibo, wala usipande ndani na ndoo, mana ukipanda upande wa kushoto unaimalizia kulala. Kwanza kita gadi, yani nguzo za kuegemeza ubavuni, mbili za nguvu huo upande ilikoinamia, ukiwa umesimama nje, kila moja na ubao mpana chini ya mguu wake, ndo ufungue kizibo cha nyuma ukiwa pembeni. Kama maji yamekusanyika mbele kwa sababu nyuma imeinuka, yavute kwa mpira kutoka nje. Yakishaisha teremsha mashine kama bado imening'inia pale nyuma, toa tanki la mafuta, nanga, boksi la barafu na nyavu, kila kitu, ibaki boti tupu.

Na hapana, usiongeze tofali. Tofali za kununua mtaani unazijua zilivyo, mfuko mmoja wa saruji umevutwa utoke tofali nyingi kadiri inavyowezekana. Hata iwe nzuri vipi, tofali haikupi taarifa. Mbao ikielemewa inalia, inabonyea, unaiona, unapata muda wa kutoka, lakini tofali inakuwa nzima halafu inakuwa vipande. Ukilazimika kutumia zege weka chini kabisa kama msingi, tofali nzima iliyolazwa, halafu juu yake mbao ngumu, na hiyo mbao ndo iguse boti. Matairi nayo mimi siyapendi kwa kazi hii. Kulaza boti usiku mmoja ufukweni sawa, ila tairi linanesa, na wewe unataka kupiga msasa, ukisukuma boti inacheza, ikicheza mara kumi gadi zote zimelegea na hamna aliyeona.

Sasa shemeji alikosea hasa wapi, mana mirunda aliweka, na kuweka mirunda si kosa. Kosa ni kwamba boti inatakiwa ikalie mkuku, ule uti wa chini unaokwenda urefu wote wa boti. Uzito wote, nasema wote, ushuke kwenye mkuku mpaka ardhini, na gadi za ubavuni kazi yake ni kuizuia isilale basi. Boti yako imekalia matairi mbele na tofali nyuma, katikati hakuna kitu, ikiinama kidogo tu uzito unahamia kwenye mrunda, na mrunda unagusa faiba eneo dogo kama sarafu, lazima ibonyee. Wazee wa Kunduchi na Msasani wakipandisha chombo maji yakipwa utaona wanavyofanya, kwanza mkuku umekaa sawasawa mchangani urefu wote ndo wanaegemeza gadi, na gadi zenyewe ukizisukuma kwa mkono unahisi hazijabeba mzigo wa maana.

Kwa futi 23 mkuku wako unataka vituo vitatu, vinne ukiweza: kimoja mbele pale mkuku unapoanza kupanda kuelekea omo (pua ya boti), kimoja au viwili katikati, kimoja nyuma karibu kabisa na ubao unaobeba mashine. Kila kituo ni mbao ngumu za nchi 4 kwa 4 au 6 kwa 6 zilizopangwa kwa kupishana, mbili hivi, mbili zikikatiza juu yake, mpaka ufikie kimo unachotaka, na juu kabisa ubao laini kidogo ili usiukwaruze mkuku. Misonobari usiitumie peke yake kwa kubeba. Mbao zilizotumika zinafaa sana na bei yake nafuu, ila kagua mchwa. Kimo kiwe cha mtu kuingiza mkono na brashi kwa raha, sentimita 40 mpaka 50 inatosha, ukiipandisha juu zaidi unajitafutia balaa bure kwa sababu upepo wa kusi huko kwenu hauna utani. Bora hata omo iangalie upepo unakotoka kuliko kuupa ubavu mzima, kama uani kunaruhusu kuigeuza.

Halafu mchanga. Hapa ndo wengi wanaokaa Kigamboni wanaumia, kwa kuwa mchanga mkavu unaonekana mgumu mpaka unyeshewe. Ondoa ule mlegevu wa juu, mwagia maji, shindilia, ndo ulaze plaiwudi nene ya milimita 18 au mbao za 2 kwa 6 zilizobananishwa, upana kama sentimita 60 kwa 60, chini ya kila kituo na chini ya kila mguu wa gadi. Bila hivyo hata uwe na mbao za mninga zitazama tu.

Kuinyanyua sasa. Ile jeki ya gari dogo ya kukunja weka pembeni, haifai. Azima jeki ya maji ya lori, tani 5 na kuendelea, na uiweke juu ya ubao mpana, kichwani kwake ubao mwingine, iguse mkuku na si tumbo la boti. Unanyanyua upande mmoja, tuseme mbele, sentimita tatu nne, mwenzako anaingiza ubao, unashusha boti ikae juu ya ubao, unahamia nyuma unafanya hivyo hivyo, mbele nyuma mbele nyuma, huku gadi za ubavuni mtu wa tatu anazifuata kwa kabari kila boti inapopanda. Jeki ni ya kunyanyulia, haiachwi imebeba, mafuta yanavuja kidogo kidogo na inashuka yenyewe, na mtu asiingize hata mkono chini wakati boti iko juu ya jeki peke yake. Ukifika kimo chako pima kwa ule mpira wa maji wa mafundi ujenzi, upande kwa upande iwe sawa, ila urefu wake omo iwe juu kidogo kuliko nyuma ili maji ya mvua yakimbilie kizibo, na kizibo kikae nje muda wote. Usikiweke mfukoni. Kifunge kwa kamba kwenye usukani wa mashine pale ulipoihifadhi.

Gadi uziweke wapi? Zinakaa pale ambapo ndani kuna taruma (ubavu wa ndani unaoikaza boti) au ukuta wa ndani, sio popote. Panda ndani ikishatulia, pima kutoka ubao wa nyuma mpaka kila taruma, halafu uje nje upime umbali ule ule ubavuni uweke alama ya chaki. Hakikisha kwa kugonga na mpini wa nyundo. Kwenye faiba tupu mlio unaenda mbali, unatetema, ukifika juu ya taruma unakatika ghafla, mfupi na mkavu. Hapo ndo pa kuweka gadi. Tatu kila upande kwa boti yako, zikitazamana kulia na kushoto, ziguse karibu na ile kona ambapo tumbo linakutana na ubavu. Kichwani mwa gadi pigilia kipande cha plaiwudi kama sentimita 30 kwa 30 kiweze kucheza kufuata mlalo wa ubavu, juu yake kapeti kuukuu, na juu ya kapeti nailoni, mana kapeti likigusa rangi mbichi manyoya yanabaki humo humo.

Chini ya kila mguu weka kabari mbili zinazoelekeana, ugonge moja kidogo, nyingine kidogo, na mtu awe ndani ya boti ameweka kiganja mahali gadi inapogusa. Akisema anahisi faiba inasukumwa umezidisha, rudisha. Ikaze kiasi kwamba huwezi kuitikisa kwa mkono, inatosha. Ukimaliza funga mguu wa kushoto na wa kulia kwa mnyororo au kamba isiyovutika unaopita chini ya boti. Hili watu wanaliruka sana kwa sababu linaonekana urembo, lakini ubavu wa boti umelala mshazari, gadi inasukumwa kwenda nje muda wote, na bila mnyororo siku ikiteleza moja ile ya upande wa pili nayo inaishiwa kazi. Ukitaka zaidi ya mirunda, mafundi wa kuchomelea Gerezani wanaweza kukutengenezea stendi za miguu mitatu zenye skrubu juu, unazitumia kila mwaka. Zile propu za kukodisha za kumwagia slabu zimeundwa kubeba mzigo ulionyooka, ukiziegemeza bila kufungwa zinachomoka.

Kuhusu jirani na kupindua: mtumbwi au kidau cha futi 12, sawa kabisa, pindua, laza kwenye stuli mbili za mbao, utapaka umekaa kwenye kigoda. Boti ya futi 23 usijaribu bila kreni. Unaweza kuvunja kingo za juu, unaweza kuvunja mguu wa mtu, na ile siku ya kuirudisha rangi mpya yote itakuwa imekwaruzwa.

Palipobonyea usilie bado. Faiba nzima ikiondolewa mzigo mara nyingi inarudi yenyewe baada ya siku chache, jua likiipiga inarudi haraka zaidi. Toa mrunda pale (ukishaweka gadi nyingine jirani yake), subiri, kisha angalia kwa tochi nje na ndani. Ukiona mistari myembamba inayosambaa kutoka katikati, au ukigonga pakalia dudu-dudu tofauti na pembeni yake, au taruma la ndani limeachia, hapo hakuna kupaka rangi mpaka fundi wa faiba akwangue apige matabaka mapya ya mkeka wa faiba na resini (gundi yake), kwa sababu rangi itaficha tu na bahari itakuja kupaonyesha. Kama hakuna hayo, endelea.

Sasa huyo fundi rangi wa kuruka sehemu zisizoonekana. Samaki na magamba wanaziona. Kiraka kisicho na rangi chini ya maji ndo panapoota magamba kwanza, na maji yanapata pa kuingilia kwenye faiba, baadaye unaona malengelenge. Mwambie atapaka kote, ila kwa awamu. Anakwangua na kupaka sehemu zote zilizo wazi, praima ya epoksi mikono yake miwili mpaka ikauke kweli kweli. Halafu mnahamisha gadi moja, narudia, moja tu: mnakita mpya pembeni ya ile ya zamani juu ya taruma hilo hilo, mnaikaza, mnafunga mnyororo wake, ndo mnaitoa ya zamani. Anapaka pale palipokuwa na gadi. Kesho yake inayofuata. Kwenye mkuku vivyo hivyo, unajenga kituo kipya kando ya cha zamani, unakikaza kwa kabari mpaka kibebe, ndo unagonga kabari za cha zamani kitoke. Itamchosha na ataomba aongezewe hela, na mimi kwa upande wangu naona mwongezee kidogo kuliko akahamisha mbili kwa mpigo wakati wewe hupo.

Rangi ya chini ya zamani asiipige msasa mkavu. Rangi za kuzuia magamba zina shaba na sumu nyingine, vumbi lake ni baya kwa mapafu, na huko kwenu watu wanachota visima. Msasa wa maji namba 80, barakoa ya maana sio kitambaa, turubai chini nzima, na takataka zikusanywe kwenye mfuko, zisifagiliwe uani wala zisimwagwe kwa kuku. Akija mtu kukuuzia kopo la zamani anasema hii ndo kali ya zamani zile, achana naye, zile zenye TBT (sumu ya bati iliyokuwa ikitiwa kwenye rangi za boti) zimepigwa marufuku kwa mkataba wa kimataifa ulioanza kazi 2008. Na ile yenye shaba isiguse mguu wa mashine, mguu ni alumini, vikikutana majini alumini inaliwa.

Aanze kazi umande ukishakauka, saa tatu au nne asubuhi, asipake jua la saa saba likiwa linachoma ubavu, na kufika alasiri ya saa kumi aache. Upepo ukiinua mchanga asipake kabisa. Turubai la kufunika lisifungwe kwenye gadi hata siku moja, upepo ukilijaza linang'oa gadi, lifunge kwenye boti yenyewe au kwenye vigingi. Ngazi nayo ifungwe juu, isiegemezwe tu. Kila asubuhi kabla ya mtu kugusa brashi, zunguka ugonge kila kabari, na mvua ikinyesha usiku zunguka mara mbili.

Rangi za juu ya maji na namba ya usajili mtapaka mwishoni, hiyo kazi nyepesi haina maelezo, ila namba iandikwe ilivyo kwenye cheti.

Rangi ya kuzuia magamba ndo iwe ya mwisho kabisa chini, na kabla ya kuipaka soma kopo, kuna saa za chini za kusubiri kabla ya kuingia majini na nyingine zina siku za juu pia, zikizidi rangi inapoteza nguvu. Kwa hiyo usiipake mpaka fuso na watu wa kubeba wameshathibitisha siku. Alama za mwisho za gadi mtazipaka siku hiyo hiyo ya kubeba ikiwa tayari imening'inia au iko kwenye gari, na mkisubirishwa mpaka siku za kopo zikapita, kwaruzeni kidogo kwa msasa mpige mkono mmoja tena ndo iingie baharini.